Kila wiki nafukuzia ofa, lakini pesa ya chakula haifiki mwisho wa mwezi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mume na baba wa watoto wawili. Tunaishi pia na mdogo wake mke wangu ambaye bado anasoma, kwa hiyo nyumbani tuko watano. Tangu mke wangu aanze kazi ya zamu, ambayo mara nyingi ni ya usiku, tuligawana majukumu: yeye anapika kabla hajatoka, mimi nanunua mahitaji ya nyumbani. Kazi hiyo niliipokea kwa moyo mmoja. Sitaki kujisifu, ila sidhani kama kuna mwanamume mwingine mtaani kwetu anayejua bei ya sukari kama ninavyoijua mimi.

Nafuata ofa. Nikisikia duka fulani limeshusha bei nakwenda, hata kama liko mbali. Nikikuta wameandika nunua mbili upate ya tatu bure, naondoka na sita. Mchele nanunua gunia, mafuta dumu, sabuni ya unga ule mfuko mkubwa kuliko yote. Kuna maduka ambayo chini ya risiti huandika kiasi ulichookoa, na hizo huwa namwonyesha mke wangu. Zamani alikuwa anacheka. Siku hizi hata hatazami.

Shida ni kwamba ikifika tarehe ishirini pesa ya chakula imekwisha, tunaanza kuchota kwenye akiba ya ada za watoto. Wiki iliyopita mke wangu alifungua kabati la jikoni akaanza kunihesabia mbele ya mdogo wake: chupa nane za siki, makopo ya mahindi ambayo watoto hawali, tambi za kulisha kambi. Kisha akasema, "Umegeuza jiko kuwa ghala, tena ghala lisilo na kitunguu." Yaliniuma, hasa kwa kuwa kitunguu kweli hakikuwepo.

Na si hayo tu. Gunia la mchele limeingia wadudu likiwa nusu. Mboga za majani zinaozea kwenye friji. Sasa anataka nimwachie yeye ununuzi na pesa yote, ilhali anarudi asubuhi hoi. Mimi naona tatizo ni mahali pa kuhifadhia, maana friji yetu ni ndogo. Nimeona friza kubwa inauzwa kwa mkopo, unalipa kidogo kidogo mwaka mzima. Nikiwa nayo, hakuna kitakachooza tena. Yeye hataki hata kuisikia.

Shangazi, niambie ukweli. Kununua kwa wingi si ndiko kubana matumizi? Ofa niziache? Na friza, ninunue au nisinunue?

Wako,
Baba Ofa (jina hili nimepewa na shemeji yangu)

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Baba Ofa. Huyo shemeji yako ana kipaji.

Friza usinunue. Nimeanza na hilo kwa sababu wauza mkopo hawana subira, na kama ulishaulizia nina hakika wameshakupigia simu. Friza ni kitu kizuri kwa mtu anayejua anachoweka ndani yake. Kwako itakuwa kabati lingine la siki, isipokuwa hili litakula umeme na kudai marejesho kila mwezi, kutoka kwenye mfuko uleule unaokauka tarehe ishirini.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Nimeisoma mara ya pili nikitafuta kitu kimoja, sikukiona: hukuniambia mnakula nini. Umenitajia gunia, dumu, ofa, risiti na umbali unaokwenda. Mlo hata mmoja hukuutaja. Kwenu anayenunua ni mtu mmoja na anayepika ni mwingine, na sioni mahali ambapo wawili hao wanakutana wakaulizana kesho tunapika nini. Wewe unanunua kilichoshuka bei. Yeye anaingia jikoni saa zimembana, anakuta vitu ambavyo havikai sufuria moja. Unadhani anafanyaje? Anamtuma mtoto duka la jirani alete vitunguu viwili, nyanya tatu na mafuta ya kupimiwa kwa sababu dumu halijafunguliwa au limekwisha bila wewe kujua. Vitu vya kupimiwa hivyo, kwa uzito, ndivyo vya bei ya juu kuliko vyote. Wewe huvioni kwa kuwa havina risiti. Nikikisia tu, bila kuona hesabu zenu, nitasema sehemu kubwa ya pesa yenu inatokea mlango huo.

Kuhusu ofa, ngoja nikuoneshe kwa hesabu ndogo. Tuseme nyanya ni 100 kwa kilo. Wewe umekuta ofa ya kilo tatu kwa 200, ukachukua. Kwa risiti umeokoa 100 na una haki ya kuchekelea. Lakini nyanya zilikuwa zimeshaiva sana (ndiyo maana walikuwa na haraka ya kuziondoa), na kilo moja ikaoza. Umekula kilo mbili kwa 200. Yaani umelipa bei ya kawaida kabisa, na juu yake umebeba mzigo na kusafisha droo ya friji. Ikioza kilo moja na nusu, kila kilo iliyoingia tumboni imekugharimu zaidi ya 133, na jirani yako aliyenunua kilo moja na nusu bila ofa yoyote kalipa 150 jumla huku wewe umetoa 200. Risiti haiwezi kujua haya. Risiti inahesabu kilichotoka dukani. Kilichoingia kwenye ndoo ya taka unakijua wewe.

Wala usidhani uko peke yako. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokwisha kufika madukani, kwenye migahawa na majumbani, na asilimia 60 ya hicho ilitupwa majumbani. Si hotelini wala kwenye masoko. Ni kwenye majiko kama lako na langu.

Kwa hiyo sisemi uache ofa. Nasema ofa iwe ya kitu ambacho ungekinunua leo hata kama isingekuwepo, na kiasi chake kiwe kile mtakachomaliza kabla hakijaharibika. Sabuni ya kufulia ikishuka bei, chukua hata ya miezi mitatu, haiozi. Chumvi, sukari, maharage makavu, dawa ya meno, karatasi za msalani, hayo yote yanasubiri. Mboga za majani, mkate, maziwa na matunda laini hayasubiri mtu. Huko ofa ya tatu kwa bei ya mbili mara nyingi ni njia ya duka kukuhamishia wewe hasara yake. Wahenga walisema cha kuvunda hakina ubani, na mchicha wa punguzo ukishalegea huwezi kuubembeleza.

Siki ni suala jingine. Haiozi, hilo nakukubalia. Lakini chupa nane za siki ni pesa iliyolala kabatini wakati jikoni kunahitajika kitunguu. Hapo hujaokoa, umekopesha kabati.

Sasa hili la kununua kwa wingi. Watu wengi wanaamini kikubwa lazima kiwe nafuu, na mara nyingi ni kweli, ila wauzaji wanajua tunaamini hivyo. Usitazame bei ya pakiti, tazama bei ya kilo au ya lita. Nchi nyingi zinawataka wenye maduka waiandike kwenye kibandiko cha rafuni, kwa maandishi madogo chini ya bei kubwa. Kama haipo, simu yako ina kikokotoo. Chupa ya mililita 750 ikiwa 300, kila mililita 100 ni 40. Ya lita moja ikiwa 420, kila mililita 100 ni 42. Kubwa hapo ni ghali zaidi, na kwenye rafu imewekwa usawa wa macho yako. Fanya hesabu hiyo kwa vitu unavyonunua kila mara, utashangaa mara ngapi ile ya kati ndiyo inashinda, au ile yenye nembo ya duka lenyewe iliyowekwa rafu ya chini unakoinamia.

Na angalia uzito ulioandikwa, si ukubwa wa pakiti. Kuna mtindo wa kupunguza kilichomo huku bei ikibaki palepale. Pakiti iliyokuwa gramu 1000 ikiwa 900 kwa bei ileile, umepandishiwa bei kwa asilimia 11 na hakuna aliyekuaga. Wewe unayejivunia kujua bei ya sukari, je, uzito wake wa sasa unaujua?

Gunia la mchele. Mwanangu, kwa watu watano gunia linaweza kuwa na maana, lakini si kwa mtu anayeliacha kwenye mfuko wake sakafuni. Wale wadudu mara nyingi huja na mchele tangu huko ulikotoka, wakiwa mayai yasiyoonekana, na joto la jikoni na muda vinafanya kazi iliyobaki. Uanike, upepete, uchambue. Unaliwa vizuri tu. Ujao, nunua wa mwezi mmoja, mimina kwenye vyombo vikavu vyenye mfuniko unaobana, na ule wa zamani uwe juu kila unapoongeza mpya. Ukiwa na nafasi kwenye sehemu ya barafu ya friji, mifuko midogo ya nafaka ikikaa humo siku kadhaa, mayai ya wadudu hufa. Sehemu ndogo hiyo inatosha. Huhitaji kununua friza kwa ajili ya wadudu wa mchele.

Na kuhusu friji yenu ndogo, kabla ya kuilaumu itazame ndani. Nyuzi joto 4 au chini yake ndicho kiwango kinachotakiwa. Kipimajoto cha friji ni kitu cha bei ndogo, na friji nyingi zinaendeshwa zikiwa na joto kuliko mwenyewe anavyodhani. Ikishindiliwa mpaka mlango unafungwa kwa goti, hewa ya baridi haizunguki, na mboga za nyuma zinaganda huku za mbele zinaoza. Kisha kuna vitu havitakiwi kukaa pamoja. Ndizi mbivu, matofaa na nyanya hutoa gesi iitwayo ethilini, inayoharakisha kuiva na kuchakaa kwa mboga zilizo karibu. Ukiweka mboga za majani mfuko mmoja na nyanya, umeziharibu mwenyewe. Vitunguu na viazi vikae nje ya friji, pakavu penye hewa na giza, tena kila kimoja na kikapu chake, maana vikikaa pamoja huharibika mapema. Mboga za majani zikaushe maji, zifunge kwenye kitambaa au karatasi, ndipo uziweke. Mke wako pengine anayajua haya yote. Swali ni kama wewe unayejaza friji unayajua.

Tarehe kwenye pakiti nazo msizichanganye. Ile ya mwisho wa kutumia, inayowekwa kwenye vitu vinavyoharibika upesi kama nyama na samaki wabichi, ni ya usalama. Ikipita usijaribu ushujaa. Ile inayosema ni bora kabla ya siku fulani, kwenye tambi, biskuti, makopo, ni ya ladha na ubora. Ikipita, fungua, nusa, tazama. Nimeona watu wakitupa tambi nzima kabisa kwa kuogopa tarehe, kisha wakala wali uliolala juu ya meza usiku kucha. Huo wali ndio wa kuogopa. Kuna bakteria ambaye vijimbegu vyake havifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto anazaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Wali uliobaki utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake. Kubana matumizi kusikupeleke hospitali.

Ukienda dukani chukua kapu la mkononi. Toroli lilianza mwaka 1937 kwa Sylvan Goldman, mwenye maduka huko Oklahoma City, Marekani, ambaye aliona wateja wake wanaacha kununua kapu likishakuwa zito. Akatafuta namna ya kuwaondolea uzito. Wewe unautaka uzito huo urudi. Mkono ukichoka, ni ishara nzuri tu kwamba umefikia ulichokuja kununua. Na usiende na njaa, wala usiende maduka manne kwa kufuata ofa nne. Nauli na mafuta ya gari ni bei ya chakula pia, na kila duka unaloingia utatoka na kitu ambacho hukukifuata.

Lakini kabla ya duka kuna kikao, na hiki ndicho dawa yenyewe. Chagua siku moja ya wiki ambayo mke wako hayupo zamu. Simameni wote wawili mbele ya friji na kabati, milango wazi. Msiketi, mkiketi mtaanza kugombana kuhusu yaliyopita. Toeni kinachokaribia kuharibika, kiwekeni mbele, muulizane: hiki kitaliwa lini na kitapikwa na nini? Andikeni milo ya siku tano, sita. Siku moja iwe ya viporo na mabaki. Hapo ndipo orodha ya dukani inazaliwa, na itakuwa fupi kuliko unavyofikiri, kwa sababu nusu ya vitu mnavyo. Mwambie mke wako akuandikie kiasi, si jina tu. "Nyanya" kwako ni kilo tatu za ofa, kwake ni saba za mchuzi wa siku mbili.

Mwezi huu wa kwanza uanze kwa kula ghala. Tambi, mahindi ya kopo, maharage, vyote vipangiwe siku. Mahindi ambayo watoto hawataki kuyala yakiwa peke yake, yatiwe kwenye supu au yachanganywe na mayai, wataona rangi tu. Wakati huo pesa inunue vibichi peke yake, na vitunguu. Siki itumieni kusafishia sinki na vioo, inaondoa ukoko wa chokaa vizuri, na itawapunguzia chupa moja au mbili za dawa za usafi ambazo nazo, nakisia, ulinunua kwa ofa. Ila usiichanganye na dawa yoyote yenye klorini, inatoa gesi mbaya.

Weka na daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe si kubwa: ukurasa mmoja wa vitu kama kumi na tano mnavyonunua kila mara, na bei ya kilo ya kila kimoja ulivyoikuta mara ya mwisho. Hapo ukiona kibandiko chekundu utajua kama kweli imeshuka au walipandisha kwanza. Ukurasa wa pili andikeni kila kilichotupwa, na yule mtoto anayetumwa duka la jirani aandike kila alichotumwa. Usiandike kwa kutafuta wa kumlaumu. Mwisho wa mwezi kurasa hizo mbili zitakuambia mambo ambayo mimi hapa nayakisia tu.

Suala la nani ashike pesa. Mke wako hajakuomba pesa kwa sababu anataka kutawala, ameomba kwa sababu amechoka kupika asichokipanga. Ukimwachia kazi yote utakuwa umemwongezea mzigo mtu anayerudi asubuhi hoi, na wewe utabaki na kinyongo. Gawa pesa mara mbili mshahara unapoingia. Fungu la vitu vikavu na sabuni, ununue wewe mara moja kwa mwezi, huko ndiko kujua kwako bei kutafaa. Fungu la vibichi ligawe kwa wiki nne, kila wiki bahasha yake, na orodha ya wiki itoke kwake. Bahasha ya wiki ya tatu haifunguliwi wiki ya pili hata kama duka zima limeshuka bei. Shemeji yako naye, kwa kuwa ana macho makali, apewe kazi ya kukagua friji jioni na kusema kipi kianze.

Na zile risiti zenye maandishi ya ulichookoa, acha kumwonyesha. Mwonyeshe droo ya mboga ikiwa tupu siku ya kwenda kununua nyingine. Kuhusu friza, mfanye hivi miezi mitatu, na kila mwezi weka pembeni kiasi kile ambacho ungelipa kwa mkopo. Kama baada ya hapo mmekaa wote wawili mkaona sehemu ya barafu mliyonayo haitoshi kweli, mtakuwa na kianzio cha kununua ndogo kwa pesa taslimu, na mke wako ndiye aende kuichagua.